Seti ya Spana ya Vipande 108, Baada ya Miezi Kumi na Minne na Toyota IST

Seti ya spana za soketi niliyoinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 210,000 imekaa nyumbani kwangu miezi kumi na minne sasa, na katika muda huo nimeitumia kumwaga oili mara nne, kubadilisha plagi mara moja, breki pedi za mbele mara moja na betri mara moja, mbali na kufungua magurudumu mara nyingi ambazo sikuzihesabu. Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, aina ambayo mtu hawezi kuvuka barabara mjini humu bila kuiona. Ninaandika kwa ajili ya mwenye gari kama hili ambaye amechoka kumlipa fundi kwa kila kazi ndogo na sasa anataka kununua vifaa vyake vya kwanza, kwa sababu nilipokuwa mahali pake sikupata mtu wa kunieleza mambo haya kabla sijatoa fedha.

Hukumu yangu ni kwamba seti hii ni nzuri kwa bei yake, ila mimi niliichagua kwa kigezo kisichofaa. Niliichagua kwa sababu mfuniko wake uliandikwa 108, na ile iliyokuwa pembeni yake ilikuwa na vipande 46 tu. Siku ya kwanza nilipoifungua nyumbani niliamua kuweka tone dogo la rangi nyeupe ya kucha kwenye kila kifaa kinachogusa gari kwa mara ya kwanza. Baada ya miezi kumi na minne, vifaa vyenye tone hilo ni 19. Navyo ni soketi fupi za namba 8, 10, 12 na 14 (namba ni upana wa kichwa cha bolti au nati kwa milimita) za mraba wa robo inchi, yaani tundu la mraba linalopokea racheti, soketi ndefu za namba 10 na 12, soketi za mraba wa nusu inchi za namba 14, 17, 19 na 21, soketi ya plagi ya namba 16, racheti zote mbili (mipini yenye meno ya kuzungushia soketi), ekstensheni tatu za kurefushia, yunivaso moja (kiungo kinachopinda), na biti mbili za bisibisi. Vipande 89 vilivyobaki vinang'aa kama siku vilipotoka dukani.

Sababu ya hali hiyo inaonekana ukihesabu yaliyomo ndani ya sanduku. Vipande 49 kati ya 108 ni biti: za msalaba, bapa, alenki na nyota, nyingine zikirudiwa kwa ukubwa tofauti kidogo. Biti ni kitu rahisi kutengeneza na haichukui nafasi, kwa hiyo ndiyo inayojaza hesabu ya mfuniko. Upande wa soketi nako kuna namba 4, 4.5, 5 na 5.5, ambazo hazina kazi kwenye injini ya gari dogo, na namba 27, 30 na 32, ambazo anayeanza hatazihitaji mpaka siku atakayogusa nati za ekseli, kazi ambayo si ya kuanzia.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kufika dukani ni kwamba gari lenyewe ndilo linalopanga orodha. Magari ya Japani yametengenezwa kwa bolti ambazo vichwa vyake vinafuata mpangilio mmoja: bolti yenye uzi wa milimita 6 hufunguliwa kwa namba 10, ya milimita 8 kwa namba 12, ya milimita 10 kwa namba 14, na ya milimita 12 kwa namba 17. Ndiyo maana kwenye IST, Raum, Corolla au Premio, mtu anayefungua boneti hukutana na 10, 12 na 14 kila anapogeuka: terminali za betri na koili za plagi ni 10, vifungo vingi vya vifaa vya pembeni mwa injini ni 12, kizibo cha kumwagia oili ni 14. Nati za magurudumu ni 21. Magari ya Ulaya hayafuati mpangilio huo. Bolti ile ile ya milimita 8 kwenye Volkswagen au Mercedes-Benz huwa na kichwa cha namba 13, kuna namba 16 na 18 ambazo Toyota haizitumii sana, na bolti za magurudumu mara nyingi ni 17. Kwa hiyo mwenye gari la Ulaya hana budi kukagua namba hizo na biti za nyota, ambazo kwake si za kujazia hesabu hata kidogo. Wenye Subaru na Honda, nao wakumbuke kwamba nati zao za magurudumu kwa kawaida ni 19.

Tuseme basi kuhusu soketi zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo seti hii imestahili fedha yangu. Zote ni za pembe sita. Neno hili linaonekana dogo, lakini mimi nimelilipia. Seti yangu ya kwanza kabisa, niliyoinunua kwa shilingi 35,000 kutoka kwa mchuuzi ambaye sitamtaja, ilikuwa na soketi za pembe kumi na mbili, na siku nilipotaka kubadilisha betri, nati ya terminali ilikuwa imeshikwa na ule unga wa kijani na mweupe unaotokana na asidi. Niliweka namba 10, nikavuta, nikasikia mkono umelegea ghafla. Nilipotoa soketi na kumulika kwa tochi niliona pembe za nati zimelika, ikabaki duara laini lenye mng'aro wa risasi mpya. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika nati karibu na ncha za kona, na kama imetengenezwa kwa ulegevu au chuma chake ni laini, ncha ndizo zinazoondoka. Ya pembe sita hukandamiza kwenye ubavu mpana wa nati, kwa hiyo hata nati yenye kutu au iliyokwisha kuchubuliwa na fundi aliyetangulia bado ina mahali pa kushikwa. Kwa miezi kumi na minne sijachubua nati hata moja kwa seti hii, na baadhi ya nati za gari langu zilikuwa na hali mbaya.

Namba zimechongwa ndani ya chuma kwa kina kinachosomeka hata mikono ikiwa na oili. Kwenye seti ya bei nafuu namba zilikuwa za kugongwa juu juu, na baada ya mwezi nilikuwa nakisia kwa macho kati ya 12 na 13. Anayefanya kazi chini ya gari jioni anaelewa jambo hili lina uzito gani.

Racheti ni habari yenye pande mbili. Racheti ndogo ya robo inchi ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote sandukuni. Ina meno 72, maana yake inahitaji nyuzi 5 tu za kuzunguka kabla ya kushika jino jingine, na hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi mahali ambapo mkono una nafasi ya vidole viwili. Koili za plagi kwenye 1NZ-FE zimekaa juu, hazina taabu, lakini bolti za chini za kasha la filta ya hewa ziko mahali ambapo racheti ya meno 24, inayohitaji nyuzi 15 kwa kila mshiko, ingegonga ukuta kabla ya kushika. Racheti kubwa ya nusu inchi ni nzito, mpini wake una mpira mzuri, lakini kitufe cha kugeuzia upande ni kigumu tangu siku ya kwanza, na kikiguswa na mkono wenye oili hakitii. Nimekipaka girisi kidogo, kikaboreka, ila hakijawa kama cha ile ndogo.

Kasoro kubwa ya seti hii, na ya seti nyingi za muundo huu, ni kwamba hakuna mraba wa kati, yaani ule wa inchi 3/8. Robo inchi ni dhaifu kwa namba 14 iliyokazwa na kutu. Nusu inchi ni kubwa mno kwa namba 12 iliyojificha nyuma ya altaneta. Kazi nyingi za gari dogo ziko katikati ya hizo mbili, kati ya namba 10 na 17, na katikati hapo sanduku liko tupu. Miezi sita baadaye nilinunua racheti ya 3/8, ekstensheni moja na soketi sita za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na kwa kweli sasa ndizo zinazotoka kwanza kila ninapofungua boneti. Kama ningeanza upya leo, ningetafuta seti yenye 3/8 peke yake, hata kama mfuniko wake ungeandikwa 40, kisha ningeongeza mpini mrefu wa nusu inchi na soketi ya 21 kwa ajili ya magurudumu.

Kuna upungufu mwingine mdogo unaoudhi. Soketi ndefu za nusu inchi zilizomo ni 14, 15, 17, 19 na 22. Namba 21 ndefu haimo. Kwenye rimu za chuma soketi fupi inatosha, lakini rimu zangu za aloi zina matundu yenye kina, na soketi fupi inashika nati kwa nusu tu ya urefu wake. Namba 15 ndefu sijui ningeitumia wapi kwenye Toyota. Soketi ya plagi, kwa upande wake, ni nzuri: ni ya 16, ina mpira ndani unaoshika plagi, na ukiiunga na ekstensheni mbili inafika chini ya shimo la plagi bila kuegemea pembeni. Mpira huo una thamani kubwa, kwa sababu plagi ikiponyoka ikaanguka ndani ya shimo lile refu, pengo la ncha yake huweza kujibana, na kuitoa pasipo sumaku ni kazi ya uchungu.

Kitu ambacho mnunuzi wa mara ya kwanza hakioni ni kwamba seti ya soketi haina spana za kawaida. Kuna mahali ambapo soketi haiwezi kuingia hata kidogo, kwa mfano nati inayopitiwa na bomba katikati, au bolti ambayo upande wa pili unazunguka na lazima ushikwe. Nunua spana za ringi upande mmoja na bapa, yaani mdomo wazi, upande mwingine, kuanzia 8 hadi 19. Zikiwa zinauzwa moja moja, chukua 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na uchukue mbili za 12 na mbili za 14. Kwa nati za mabomba ya breki, ambazo kwenye Toyota ni namba 10, kuna ringi maalumu yenye mwanya. Usizifungue kwa spana bapa ya kawaida, maana ni laini na zikilika umeingia gharama ya bomba zima. Ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wameipa jina lisilo la heshima, ni ya kushikia tu, si ya kufungulia nati unayotaka kuiona tena.

Bisibisi nazo zinahitaji maelezo, kwa kuwa wengi tunadhani msalaba ni msalaba. Skrubu nyingi za msalaba kwenye magari ya Japani zilitengenezwa kwa kiwango cha Kijapani kiitwacho JIS, ambacho umbo lake la ndani linatofautiana kidogo na msalaba wa Kimarekani wa Phillips. Bisibisi ya Phillips ikiingia humo haifiki chini vizuri, hivyo ukikaza mkono inapanda na kuchubua kichwa. Skrubu nyingi za JIS zina kijitone kimoja kilichochongwa kando ya msalaba. Biti zilizomo kwenye seti yangu ni Phillips. Nimenunua bisibisi mbili za Kijapani za Vessel, namba 2 na namba 3, na tofauti niliisikia mkononi kwenye skrubu ya kwanza: inakaa kimya, haichezi.

Sasa nije kwenye vitu viwili visivyomo katika sanduku lolote la aina hii, ambavyo navihesabu kuwa muhimu kuliko nusu ya vilivyomo. Cha kwanza ni stendi za kuegemezea gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. IST ina uzito wa tani moja na ushei, na jeki inayokuja na gari imesimama juu ya kitako kidogo kuliko sahani ya chai. Nimeshuhudia gari la jirani likiteleza polepole kutoka kwenye jeki juu ya mchanga wa uani. Kwa rehema za Mungu hakukuwa na mtu chini yake, na tairi lililokuwa limewekwa chini ya ubavu ndilo lililolipokea. Nunua stendi mbili za tani 2 au 3, ziweke juu ya zege au ubao mpana na imara, na magurudumu yaliyobaki chini yazuie kwa mawe au matofali. Kama fedha haitoshi kununua stendi na seti kwa mwezi mmoja, anza na kazi zinazofanyika boneti ikiwa wazi, na usiingie chini ya gari mpaka stendi zipatikane.

Cha pili ni toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukazia. Toyota inataka nati za magurudumu zikazwe kwa Nm 103 (Nm ni niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kizibo cha oili cha injini yangu kwa takribani Nm 38. Ukizigeuza namba hizo kuwa mkono wa mtu, Nm 103 ni sawa na kubonyeza kwa uzito wa kilo 21 mwishoni mwa mpini wa nusu mita, na Nm 38 ni kama kilo 15 kwenye racheti ya sentimita 25. Hiyo si nguvu kubwa. Mtu mzima anayesimama juu ya wili spana kwa mguu mmoja anaipita mara tatu, na hicho ndicho kinachokata stadi za magurudumu na kupindisha sahani za breki. Kizibo cha oili kinaingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na uzi wake ukishakatika kwa kukazwa kupita kiasi, tone la oili litakuandama kila asubuhi pale unapoegesha. Toki renchi yangu ya nusu inchi, inayopima kuanzia Nm 28 hadi 210, nilinunua kwa shilingi 95,000. Baada ya kazi huirudisha kwenye kipimo cha chini kabisa ili springi ipumzike, na siitumii kamwe kufungulia.

Nilipokuwa na ile seti ya kwanza nilifanya kosa la kuchomeka bomba la maji kwenye mpini wa racheti ili kupata nguvu ya kufungua nati ya gurudumu. Kidole cha ndani kilichoshika meno kikavunjika, mpini ukaruka, na viungo vya vidole vyangu vikagonga ukingo wa fenda. Racheti si ya kufungulia nati iliyogoma. Kazi hiyo ni ya mpini mrefu usio na meno, na ukishaulegeza ule mshiko wa kwanza wa nati, ndipo racheti iingie kumalizia.

Dukani, ombi langu ni moja: nenda na bolti yako. Chukua bolti ya namba 10 na nati ya 21 kutoka kwenye gari lako, zitie mfukoni, na mwombe muuzaji akufungulie sanduku. Weka soketi kwenye bolti na uizungushe kwa vidole. Ikicheza kushoto na kulia kabla ya kushika, iache. Geuza racheti karibu na sikio, usikilize kama meno yanagonga kwa mpangilio, kisha ishike kichwa kwa nguvu na kuzungusha mpini pande zote mbili uone kama inaruka. Maandishi ya Cr-V yanayomaanisha chuma chenye kromu na vanadi ni jambo jema, lakini mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuyachonga, kwa hiyo yasikuzuie kupima. Funga na kufungua sanduku mara tano: langu lilikatika klipu moja mwezi wa tatu, na sasa nalifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Muuzaji anayekasirika kwa sababu ya ukaguzi huu hafai kupewa laki mbili. Dai risiti, na uulize mapema kama racheti ikivunjika anabadilisha. Aliyeniuzia mimi aliandika ahadi ya miezi sita nyuma ya risiti kwa mkono wake, na hilo lilichangia nimchague yeye.

Upepo wa pwani hauna huruma na chuma. Soketi ambazo sikuzipangusa baada ya kazi ya mwezi wa Aprili zilianza kuota madoa ya kahawia ndani ya wiki mbili, hasa sehemu za ndani ambako mng'aro wa kromu ni mwembamba. Tangu hapo nazipangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kuzirudisha mahali pake, na sanduku halikai tena sakafuni.

Sanduku lenyewe linabaki nyumbani. Ndani ya gari nimeweka mfuko wa turubai wenye mpini mrefu wa nusu inchi, soketi ya 21 ndefu niliyoinunua peke yake, spana za 10, 12 na 14, bisibisi ya msalaba namba 2, koleo, geji ya upepo na tochi ya kichwani. Mfuko huo umenitosha njiani mara mbili, moja ikiwa pancha karibu na Chalinze na nyingine terminali ya betri iliyolegea, na mara zote mbili sikuhitaji kitu chochote kilichobaki nyumbani.